Mwacheni Aseme, Ataimba Baadaye

Siku ya kuniaga kazini mlinipa vitenge viwili, saa ya ukutani ambayo tayari inachelewa, na hotuba zisizo na idadi. Kwetu Bujumbura huwezi hata kuhamisha meza bila mtu kusimama na kuchukua neno. Nilipodhani tumemaliza, Divine, mdogo kuliko ninyi wote katika chumba cha orthophonie, tiba ya kusema, akanijia na simu mkononi. Ilikuwa video ya mtu mwenye kigugumizi akiimba bila kukwama hata mara moja, na chini yake watu wameandika kwamba amepona.

"Mama Salma," akaniuliza, "kuimba inaponyesha kigugumizi ao apana?"

Niliangalia Fanta yangu, ilikuwa imebaki nusu. Nikamwambia jibu ni refu kuliko Fanta hii, nitaandika. Basi naandika. Vyeo naviruka, na mishahara nairuka kwa furaha zaidi, maana haikuwa ya kusimuliwa. Nawaandikia ninyi mnaobaki na kazi ya kuwasikiliza watu ambao mji mzima hauna subira nao. Nawaonya mapema kwamba kazi nimestaafu, lakini hasira bado ninayo.

Mimi ni mtoto wa duka. Babu zangu walitoka Omani, baba aliuza vitambaa, na kaka yangu Nassor anauza mpaka leo, vitambaa pamoja na sabuni, sukari, viberiti na chochote utakachomwomba. Nilisomea kwanza kinésithérapie, kazi ya kunyoosha viungo. Nilipohama kutoka magotini kwenda kwenye ulimi, shangazi yangu alisema mbele ya wageni, "Shule yote ile, halafu ukakae na mabubu?" Sikumjibu, kwa sababu ya heshima na kwa sababu kinywa changu kilikuwa kimejaa sambusa. Lakini hakuna hata mgonjwa wangu mmoja mwenye kigugumizi aliyekuwa bubu. Jambo hilo dogo nimelipigania mpaka nimezeeka.

Kituo chetu kilikuwa mteremkoni Kinanira, kabla ya jengo hili mnalolijua. Chumba kilikuwa kimoja, kimekatwa katikati kwa pazia. Upande mmoja watu walilia magoti na migongo, upande wa pili tulikuwa sisi. Siku ya kwanza nilivaa blauzi mpya, nikaja na kalamu za rangi. Mama Godelieve, mwanamke wa Uvira aliyenifundisha kazi hii, aliniambia nizirudishe kwenye mkoba. Akanikalisha kwenye kigoda mbele ya fundi cherehani aliyekuwa akijaribu kutaja jina lake, Dieudonné. D ilimkwama. Shingo ikakaza, jicho moja likafumba, jasho likaanza kumtoka puani. Mimi, kwa huruma yangu yote, nikafungua kinywa nimsaidie. Mama Godelieve akanikanyaga mguu, nami nilikuwa nimevaa ndara.

"Usimalize neno ya mutu," aliniambia baadaye, wakati nasugua vidole. "We unafikiri unamusaidia. Neno ni yake. Ukiimaliza, umeiiba."

Hiyo ndiyo ilikuwa shule yangu. Mengine yote nimejifunza juu ya hapo. Vyombo vyetu vilikuwa kioo cha kinyozi, mirija ya soda, mishumaa ya kupuliza, na métronome, kijimashine cha kuhesabu mdundo, iliyotoka kwa wafadhili ikafa mvua za kwanza. Badala yake tulipiga bidoni tupu ya mafuta. Ngoma kwetu ina heshima yake na masharti yake, lakini bidoni haina mwenyewe, na mdundo wake unatosha kabisa kumfundisha mtu kupumua.

Chombo kingine kilikuwa duka la Nassor. Tukishafanya mazoezi chumbani, nilikuwa nawatuma wagonjwa wakanunue kwa mdomo wao wenyewe. Ninyi mnaosema bila shida hamjui kwamba mwenye kigugumizi mara nyingi hununua kinachotamkika, si kile anachokitaka. Dieudonné alikunywa chai chungu kwa muda mrefu kwa sababu neno sukari lilimshinda dukani, na kwake kulikuwa na viberiti vya kutosha kuuchoma mtaa. Nassor naye ana haraka ya mwenye duka. Ukisema "sa" tu, keshakuwekea sabuni juu ya meza na anadai hela. Ilinibidi nimfundishe naye kungoja, na nilimfundisha kwa njia ile ile niliyofundishwa mimi. Mpaka leo akiniona naingia dukani anavuta miguu yake chini ya kiti.

Wimbo uliingia katika kazi yetu pamoja na Ornella. Alikuwa mtoto wa shule ya msingi, na baba yake alifanya kazi ofisini Kigobe, mtu wa tai na faili kwapani. Ornella hakuweza kusema "bonjour" bila kutoa jasho. Siku moja Mama Godelieve akaanza kupiga bidoni na kuimba kiwimbo cha kuhesabu vidole. Ornella akakipokea, akakiimba mpaka mwisho, sauti laini, hata pale penye B. Nilipiga makofi. Baba yake, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, hakupiga. Alisimama na uso wake ukabadilika.

"Kumbe anajua!" akasema. "Donc nyumbani anafanyaka makusudi. Anatuchezea!"

Aliporudi tena kwetu mtoto alikuwa na alama za fimbo mikononi. Alikuwa amepigwa ili aseme kama anavyoimba. Nilikwenda nyuma ya jengo nikalia, nikanawa uso, kisha nikamwita yule baba. Nilizungumza naye kwa Kifaransa safi, asije akasema hakunielewa. Nilimwambia akimgusa tena kwa ajili ya kigugumizi atanikuta ofisini kwake, mbele ya mkubwa wake, nikisimulia kwa sauti. Halafu nikamwonyesha ukuta mwembamba wa ua wetu.

"Papa Ornella, we unajua kutembea, si ndiyo? Haya, panda pale, tembea juu yake, sisi wote tukuangalie."

Hakupanda. Alisimama akiuangalia ule ukuta, akakohoa, akaenda zake. Mtoto aliendelea kuja, na fimbo sikuziona tena.

Hapo ndipo nilipopata nusu ya kwanza ya jibu lako, Divine. Ndiyo, karibu wote niliowaona wakikwama katika kusema waliimba vizuri. Katika wimbo maneno yameshapangwa, huyatafuti. Sauti inavutwa, pumzi inajua pa kutua, mdundo unakuonyesha lini uingie, na ukiimba na wenzako sauti zao zinakubeba. Zaidi ya yote, hakuna aliyekuuliza kitu akasimama anangoja umjibu. Wimbo ukiisha, mwambie mtu huyo huyo amtajie polisi jina lake barabarani, na D inakwama pale pale ilipokuwa. Kwa hiyo asidanganywe mzazi yeyote kwamba kwaya ni dawa. Na asiambiwe kamwe kwamba mtoto anayeimba anafanya makusudi anapokwama.

Lakini wimbo sikuutupa. Tuliuchukua vipande vipande: kuanza sauti polepole kama mtu anayeingia katika wimbo, kuvuta kidogo irabu ya kwanza, kuikata sentensi mahali pumzi inapotaka. Wengine viliwasaidia sana, wengine kidogo. Wengine viliwasaidia Jumanne vikawakimbia Jumatano, na hao nao walikuwa wanafanya bidii sawa na wenzao.

Sasa nifike kwa Révérien, mwenye nusu ya pili ya jibu, maana ndiye hasa aliyenifanya nikae niandike. Alikuwa fundi umeme, mtu mzima, mwenye sauti ya tenor iliyojulikana parokia nzima. Akiimba peke yake, wazee walitoa vitambaa mifukoni. Akishuka ngazi za kanisa na kusalimiwa, alitazama chini na kutikisa kichwa tu. Alikuja kwangu na mama yake, Mama Révé, mwanamke mfupi mwenye mkoba mkubwa.

"Mi na... na... na..." Akafunga macho. Nilingoja. Mama yake naye alingoja, na nilimpenda hapo hapo. "...nataka kusema mimi mwenyewe. Kwa levée."

Levée ndiyo siku ya kumaliza kilio, nyinyi mnaijua, lakini nieleze kwa wageni watakaosoma. Baba yake, Mzee Balthazar, alikuwa amefariki, na ukoo ulikuwa unajiandaa kuondoa matanga. Siku ile mtoto mkubwa husimama mbele ya ndugu na majirani, huwakaribisha, humtaja marehemu, na kila mtu huelewa nani anashika nyumba. Anayechukua neno siku ile ndiye anayeitwa kesho yake kukiwa na shauri. Mdogo wa marehemu, Mzee Sylvestre, alikuwa ameshatangaza kwamba neno atalichukua yeye, kwa sababu mtoto hawezi. Tena alikuwa ameshaleta watu kuitazama nyumba ya Mutanga Nord, wakapima kiwanja kwa hatua, huku mjane na binti zake wako ndani.

Tukaanza kazi. Révérien alifanya mazoezi na bidoni, akafanya mbele ya kioo, akaenda kwa Nassor akanunua nyaya asizozihitaji kwa sababu tu zilikuwa na jina gumu. Kuna siku tulicheka, kuna siku alitoka bila kuaga.

Katikati ya kazi hiyo Mzee Sylvestre alinitembelea kituoni. Alivaa koti, alinipa mkono kwa heshima, akakaa, akaniletea methali.

"Mama Salma, sisi Warundi tunasema: ijambo rigukunze rikuguma mu nda."

Neno linalokupenda hubaki tumboni mwako. Ni methali nzuri, ya kumfundisha mtu atunze siri na asiropoke. Lakini miaka yote nimeona wakiwafungia nayo mlango wagonjwa wangu, na siku ile nilichoka.

"Mzee, hiyo ni ya mutu mwenye kuchagua kunyamaza," nikamjibu. "Huyu hajachagua."

"Aimbe basi," akasema kwa upole. "Anaimba muzuri sana. Yeye aimbe, mi nitasema. Kila mutu na kazi yake."

Kosa lililofuata lilifanywa kwa mapenzi, ndiyo maana lilikuwa gumu kulikataa. Kwaya yake ilisikia habari. Mwalimu wa kwaya akaichukua hotuba ya Révérien, akaitia nota yote. Kuwakaribisha wageni wakapewa soprano, jina la marehemu tenor, na shukrani kwa majirani zikaitikiwa na besi. Hata kuomba radhi kwamba viti havitoshi kuliimbwa kwa sauti nne. Niliisikia mazoezini na nakiri ilikuwa tamu. Mkurugenzi wetu wa wakati ule alifurahi mpaka akapanga kuleta mtu wa kamera, wafadhili waone tunavyoponya. Mzee Sylvestre alifurahi kuliko wote. Kijana akiimba, watu watafuta machozi na kupiga makofi, kwaya itakaa, na neno lenyewe litabaki pale likingoja mtu wa kulichukua.

Nilimwambia mkurugenzi kamera haitaingia. Akanikumbusha nani ni mkurugenzi. Nikamkumbusha kwamba Révérien hakuwa mali yake wala yangu. Alininunia mpaka Noeli, na kazi yangu haijawahi kwenda vizuri kama kipindi kile.

Kisha nikamwita Révérien, mama yake akiwepo.

"Sauti ni yako," nikamwambia. "Ukitaka kuimba, imba, mi nitakuja kusikiliza. Ila niambie kitu kimoja. Kama ungekuwa unasema kama batu wengine, hotuba ungeiimba?"

Alinyamaza. Kilikuwa kimya cha kufikiri, hakikuwa cha kukwama. Mkikaa kazini mtajua kuvitofautisha kwa macho.

"A... a... apana," akasema. "Benyewe ndo wako na shida ya kungoja. Si m... si mimi."

Mama Révé alikuwa ameshika mkoba wake magotini. "Batangoja," akasema, na hakueleza zaidi.

Levée ilifanyika Jumamosi, uani Mutanga Nord, chini ya turubai. Joto lilikuwa kali, misa ilikuwa ndefu, na watu walifika na kiu. Bia na Fanta ziligawiwa, kila mtu chupa yake mbele yake, zinatoa jasho la baridi. Kwa desturi ya nyumba ile, na nyumba nyingi za kwetu, chupa hazifunguliwi mpaka mwenye nyumba awakaribishe wageni. Mshereheshaji akatangaza kwamba kwaya itatuletea neno la familia. Kwaya ikasimama. Mwalimu akatoa nota, besi wakaishika kwa midomo iliyofungwa.

Révérien akachukua kipaza sauti, akawageukia wenzake na kuinua kiganja. Besi zikanyamaza moja moja. Akatugeukia sisi.

"B...," akasema. "B... B..."

Lilikuwa jina la baba yake, na halikutoka. Turubai zima lilisikia pumzi yake katika spika. Wengine walitazama chini, wengine wakatazama chupa zao. Mguu wangu, bila mimi kuutuma, ulikuwa unamtafuta mtu wa kumkanyaga. Mzee Sylvestre akasimama, uso umejaa huruma, mkono ameunyoosha kuelekea kipaza sauti.

"Tumusaidie," akasema. "Tumusaidie mutoto, batu wako na kiu."

Mtu mmoja kwa nyuma akaona mambo yamekwisha, akamwita mhudumu amfungulie bia. Mhudumu akafungua mikono yake mitupu. Mwenzake naye hivyo hivyo. Ndipo Mama Révé akasimama na nguo zake nyeupe, akaupiga mkoba wake kwa kiganja, na ndani yake vyuma vikalia.

"Vifungulio viko kwangu," akasema. "Vyote. Mutoto wangu akimaliza, mutakunywa. Shemeji, ikala."

Sylvestre alibaki amesimama, mkono bado hewani. Sijui angefanya nini. Jirani mmoja mzee, aliyekuwa ameikumbatia bia yake ya Primus kama mtoto mchanga, akapaza sauti, "Sylvestre, si uikale basi! We ndo unatuchelewesha!" Watu wakacheka. Sylvestre akakaa.

"B... Balthazar," akasema Révérien, "baba yangu."

Alisema kwa Kirundi, nami nawapeni kwa Kiswahili. Baba yangu alijenga nyumba hii. Mama yangu yuko ndani yake na dada zangu wako ndani yake. Hakuna mtu atakayeiuza. Mimi ndiye ninayebaki hapa, na mwenye shauri aje kwangu. Karibuni. Maneno hayo mtu mwingine angeyamaliza kabla hujakaa vizuri kitini. Yeye yalimchukua muda mpaka kivuli cha turubai kikahama kutoka viatuni kwangu. Kwenye neno nyumba alivuta sauti polepole kama tulivyofanya mazoezi, na nikajikuta navuta naye. Kwenye neno "hakuna" hakutumia chochote tulichomfundisha. Aligonga, akagonga, akagonga, mpaka likatoka, na lilipotoka hapakuwa na mtu uani pale ambaye hakulisikia. Nilijivuna, na naandika hivyo bila aibu.

Neno likitolewa lazima lipokewe, na mkubwa wa ukoo wa kulipokea alikuwa Sylvestre. Alisimama taratibu, akafunga kifungo cha koti. Kulikataa mbele ya watu wote wale asingeweza.

"Tumesikia," akasema, akakaa. Ilikuwa hotuba fupi kuliko zote nilizowahi kusikia Bujumbura.

Mama Révé akafungua mkoba, akawarudishia wahudumu vifungulio vyao, na chupa zikaanza kulia uani kote. Mwalimu wa kwaya alikuwa bado amesimama na karatasi zake za nota, hajui azipeleke wapi.

"Na sisi?" akauliza.

"Sa... sasa muimbe," Révérien akamwambia. Akarudisha kipaza sauti mezani, akaenda kusimama mahali pake kati ya wenzake wa tenor, akaimba nao kama anavyoimba kila Jumapili.

Mwanamke aliyekaa kando yangu, aliyenijua kwa kazi yangu, alinigusa bega. "Mama Salma, ni we ulimutibu, eh? Amepona?"

"Apana," nikamwambia. "Amesema."

Fanta yangu ilikuwa imepata moto kama chai. Niliinywa yote.